Nusu kwa Nusu Katika Gati za New Orleans

Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, wahamali weusi wa bandarini, ambao wengi wao walikuwa wameonja utumwa au kuzaliwa na walioonja, waliasisi chama chao mwaka 1872, kikawatetea katika ujira na kuwasaidia katika maradhi na mazishi.

Mwaka 1892 vyama vitatu, vya wapimaji, wafungaji shehena na waendesha mikokoteni, viligoma pamoja. Matajiri wakaridhia kusuluhiana na wapimaji na wafungaji shehena, waliokuwa weupe, bali si waendesha mikokoteni, ambao wengi wao walikuwa weusi. Na wale weupe, jambo adimu mno katika zama zile, wakakataa kuwasaliti wenzao. Mgomo ulipoenea ukawa mgomo mkuu wa mji, katika kamati iliyouongoza alikuwamo James E. Porter, mfanyakazi mweusi.

Udugu huo haukudumu, kwani mwaka 1894 na 1895 fitina ya rangi ilimwaga damu gatini. Kutokana na msiba huo, nadhani, ndipo ilipozaliwa hekima ya mwaka 1901: baraza moja la wafanyakazi wa bandari, nafasi za kazi zikigawanywa nusu kwa nusu baina ya weusi na weupe, ingawa kila rangi ilibaki na chama chake.

Umoja huo ulijaribiwa mwaka 1907: matajiri walipotaka kila kikosi cha washindiliaji, wale walioyabana marobota ya pamba kwa jeki ndani ya ngama za meli, kipakie marobota 200 kwa siku, wafanyakazi wapatao 10,000 waligoma siku ishirini hivi, wakarejea kwa marobota 180.