Upinde wa Magurudumu Hautaki Papara

Umewahi kuuona upinde wenye magurudumu? Ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepewa hati ya uvumbuzi huo mwaka wa 1969. Uzi ukishavutwa hadi mwisho, magurudumu hubeba sehemu kubwa ya uzito, na mpigaji hupata nafasi ya kulenga bila kutetemeka.

Lakini wazazi, tahadharini! Mtoto asiuachilie uzi kamwe pasipo mshale. Nguvu iliyokuwa ya mshale huurudia upinde wenyewe, ukapasuka na kumjeruhi. Mshale wenye ufa nao utupwe.

Mwanafunzi aanze na upinde mwepesi, karibu na shabaha, mwalimu akiwapo. Ahakikishe hakuna mtu mbele yake wala nyuma ya shabaha. Mshale ukishatoka hauitiki ukiitwa.