Fahamu: Jasho na mkojo vinavyogeuka maji ya kunywa angani

Juni 2023, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba mitambo yake katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu imeweza kurejesha asilimia 98 ya maji, yakiwemo ya jasho, pumzi na mkojo.

Kwa nini ni muhimu?
Kila mwanaanga huhitaji takriban lita 4 za maji kwa siku. Kituo kiko kilomita 400 hivi juu ya Dunia, kwa hiyo shehena hufika. Lakini safari ya Mirihi ni ya miezi mingi, na njiani hakuna wa kuleta tanki.

Kwa nini mitambo ijaribiwe huko huko angani?
Duniani mapovu hupanda na maji hutuama chini. Angani kila kitu huelea, maji na hewa vikachanganyika. Ndiyo maana mkojo hugeuzwa mvuke ndani ya pipa linalozunguka, ili majimaji yabanwe ukutani. Zaidi ya hayo, mifupa ya wanaanga hupoteza kalisi, nayo huishia kwenye mkojo. Chumvi zake ziliwahi kuuziba mtambo.

Na hewa je?
Umeme hutenganisha maji kuwa oksijeni ya kupumua na haidrojeni. Haidrojeni ikikutanishwa na kaboni dioksidi, hupatikana maji tena, pamoja na methani inayotupwa nje. Haidrojeni inayopotea na methani hiyo ni mwanya ambao wahandisi bado wanatafuta namna ya kuuziba.