Maji ya Injini ya Boti Yanapotea: Tuyatafute kwa Ona, Amua, Tenda

Katika toleo hili tunataka kuzungumza na vikundi ambavyo vina boti yenye injini ya dizeli ya ndani, zile injini za nguvu zenye tabo. Tatizo lenyewe ni hili: kila asubuhi nahodha anafungua kifuniko na kukuta maji ya injini yamepungua. Anaongeza. Kesho yake yamepungua tena. Injini inawaka na boti inatembea, kwa hivyo watu wanazoea.

Kuzoea huko ni hatari. Boti ya kikundi hubeba samaki, hubeba wanafunzi, na usiku mwingine hubeba mama mja mzito anayekimbizwa hospitali. Injini ikichemka katikati ya mkondo wakati wa kusi, si pesa tu zinazopotea. Tena, injini ikichemka mara moja vizuri, hedi yaweza kupinda au kupasuka, na hapo michango ya miaka inakwenda na maji.

Wanajumuiya ndogo ndogo mnaifahamu njia ya Ona, Amua, Tenda. Papa Yohane wa 23 aliieleza katika barua yake Mater et Magistra mwaka 1961. Njia hiyo inafaa hata kwa injini. Shida yetu ni kwamba mara nyingi tunaanza na Tenda: fundi anaitwa, anashika spana, anafungua hedi, halafu ndiyo tunauliza tatizo lilikuwa nini.

KWANZA TUIJUE INJINI

Injini hii ina maji ya aina mbili, na hayatakiwi kukutana.

Maji ya kwanza ni ya ndani. Ni maji safi yaliyochanganywa na dawa inayoitwa kulanti. Yanazunguka ndani ya injini yakichukua joto, na hayatoki. Kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji, lakini kulanti inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka.

Maji ya pili ni ya bahari. Pampu yenye impela ya mpira inayavuta kutoka chini ya boti, yanapita kwenye chujio, kisha yanaingia kwenye kipozeo. Kipozeo ni kama mtungi wenye mirija mingi myembamba. Maji ya bahari yanapita ndani ya mirija, maji ya injini yanapita nje yake, na joto linahama kutoka kwa moja kwenda kwa jingine. Halafu maji ya bahari yanatoka nje pamoja na moshi wa ekzosi.

Injini za kupachika nyuma ya boti, kama zile za wavuvi wengi, kwa kawaida hazina maji ya ndani. Zinatumia maji ya bahari au ya ziwa moja kwa moja. Makala hii haizihusu hizo.

Kumbuka pia: kama injini inapata moto sana lakini maji ya ndani hayapungui, tafuta upande wa bahari kwanza. Chujio limeziba kwa majani, au impela imekatika meno. Leo tunazungumzia maji yanayopungua.

ONA

Maji hayana mbawa. Yakipungua, yamekwenda mahali. Njia ni tatu tu: yamemwagika ndani ya boti, yamekwenda baharini kupitia kipozeo au ekzosi, au yameingia ndani ya injini yenyewe.

1. Anzeni na daftari. Andikeni tarehe, saa ambazo injini imefanya kazi, mzigo ulikuwa mzito au mwepesi, na maji yaliyoongezwa kwa kipimo cha chupa ya nusu lita. Pimeni jioni injini ikiwa imepoa, pimeni tena asubuhi kabla ya kuwasha. Baada ya juma moja mtajua kama maji yanapungua injini ikiwa imelala, au ikiwa inafanya kazi tu.

2. Fueni maji yote ya ngama, mpanguse pakauke. Tandikeni magazeti makavu au maboksi chini ya injini na muyaache usiku kucha. Tone likianguka litaacha alama, na mtajua ni upande gani.

3. Tazameni kwa tochi. Kulanti ikikauka huacha ukoko wa rangi yake, kijani au nyekundu, au mweupe kama chumvi. Fuateni ukoko kwenda juu, kwa sababu maji hutoka juu na kuonekana chini. Angalieni kila mpira na kila klipu. Chini ya pampu ya maji ya ndani kuna kitundu kidogo. Kikitoa maji, sili ya pampu imekwisha. Hakuna haja ya kuziba kitundu hicho, kimewekwa makusudi kutuonya.

4. Angalieni kifuniko chenyewe. Kifuniko hiki kinashikilia presha. Maji ya kawaida huchemka kwa digrii 100, lakini yakishikiliwa kwa presha ya bar 1 hayachemki mpaka yafike karibu digrii 120. Mpira wa kifuniko ukipasuka, presha inatoroka na maji yanatoka kama mvuke. Watu wengi hukagua kila kitu na kusahau kifuniko.

5. Chomoeni kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Msiwashe tena injini hiyo.

AMUA

Sasa kaeni chini na fundi, na daftari likiwa mezani.

Kama ngama ina maji ya rangi ya kulanti, au magazeti yamelowa, tatizo liko nje: mpira, klipu, pampu au kifuniko. Hiyo ni habari njema, ni kazi ndogo.

Kama ngama ni kavu, oili ni safi, na maji yanapungua boti ikitembea, kuna watuhumiwa wawili wakubwa: kipozeo, au gasketi ya hedi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu fundi asiyepima humkamata gasketi kwanza.

Kipimo cha gasketi hakina gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, washa, na utazame maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Lakini mapovu yakiendelea bila kukoma, na mipira ikawa migumu mapema kabla injini haijapata moto, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Moshi mweupe wenye harufu tamu ni dalili nyingine. Injini za tabo zina ujanja wake: zaweza kuonyesha kosa zikibeba mzigo tu. Kwa hivyo mapovu yakikosekana injini ikinguruma polepole, msiseme bado kwamba gasketi ni nzima.

Kipimo cha pili ni pampu ya mkono yenye saa ya presha. Gereji za mjini huwa nayo, na yaweza kuazimwa. Inafungwa mahali pa kifuniko. Pampu mpaka kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, kwa mfano bar 0.9, ambayo ni sawa na 13 kwa saa za Kiingereza. Msipite hapo. Subirini dakika 20. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali, na injini imezima, kwa hivyo mnaweza kutafuta kwa utulivu. Kama nje ni kavu, funga bomba la maji ya bahari, fungua vifuniko vya mwisho vya kipozeo na utazame midomo ya mirija. Mrija unaotoa machozi ndio wenye tundu. Katika injini nyingine vifuniko hivyo vinashika maji ya ndani pia. Hizo, itabidi kipozeo kitolewe chote kipimwe nje.

Kikundi kimoja cha wavuvi tulichokitembelea kilikuwa kimeambiwa hedi ifunguliwe, na wanachama walikuwa wameshaanza kuchanga. Mama mweka hazina akakataa kutoa pesa mpaka aelezwe maji yanakwenda wapi. Daftari lao lilionyesha kwamba usiku hayapungui, na siku za mzigo mzito yanapungua karibu lita moja. Ngama ilikuwa kavu, oili safi, mapovu hakuna hata boti ilipofungwa gatini na kusukuma kwa nguvu. Kipozeo kikafunguliwa: mrija mmoja umetoboka. Na ile zinki, kipande cha madini kinachowekwa ili chumvi ikile chenyewe badala ya kula mirija, ilikuwa imekwisha kabisa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameibadilisha. Kazi ya wote ikawa si kazi ya mtu.

TENDA

Rekebisheni kitu kimoja, halafu mpime tena. Mkibadilisha vitu vitano kwa siku moja hamtajua kipi kilikuwa kibaya.

Mrija mmoja au miwili iliyotoboka yaweza kuzibwa pande zote mbili na kipozeo kikaendelea na kazi kwa muda. Ikiwa ni mingi, nunueni kipya. Zinki ibadilishwe ikifika nusu, msingoje iishe. Walio ziwani kwenye maji matamu wamuulize fundi juu ya kipande cha magnesi, kwa sababu zinki haifanyi kazi vizuri huko.

Msitie bizari, yai, wala unga wa kuziba. Ni kweli tundu laweza kuziba, lakini na ile mirija myembamba inaziba pia, na injini inachemka kwa sababu mpya.

MAMBO YA HATARI

Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto. Mvuke huunguza uso na macho. Ngojeni mpaka mkono uweze kutulia juu yake.

Msimwage maji baridi ndani ya injini iliyochemka. Chuma hupasuka.

Kulanti ni sumu na ina utamu. Usiionje ili kujua kama ni maji ya chumvi. Isiwekwe kwenye chupa ya soda, na iliyomwagika ipanguswe kabla watoto au mbwa hawajaifikia.

Kama mnashuku maji yameingia kwenye silinda, msipige stata. Maji hayabanwi kama hewa, na chuma cha ndani kitapinda. Fundi atoe nozeli kwanza, kisha injini izungushwe kwa mkono.

Na boti yenye injini inayopoteza maji isipakie abiria, hata kama nauli inavutia, mpaka ijulikane maji yanakwenda wapi. Wakati huo huo nanga, makasia na majaketi yawe ndani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu anayepima maji kila asubuhi? Jina lake limeandikwa mahali?

2. Zinki yetu ilibadilishwa lini? Nani anajua?

3. Mara ya mwisho tulipomlipa fundi, alituonyesha tatizo kwa macho kabla ya kufungua, au tulilipa kwa maneno tu?

4. Je, tuna vitu vingine vya kikundi, mashine ya kusaga, pampu ya maji, ambavyo tumezoea ubovu wake? Tuanze kuviandikia daftari juma hili.