Mwanao Anapokwenda Kuteleza Kwenye Theluji

Kwa familia zetu za Ibra, Sur na Nizwa, baridi kali tunayoijua ni ya Jabal Shams, ambako usiku wa majira ya baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 0, na mara mojamoja theluji huanguka. Kisha mtoto anapata chuo Kanada au Finland. Siku moja anatuma picha: yuko msituni, amefunga skii miguuni, nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Mama anaiangalia picha na moyo unamwenda mbio. Mimi ni muuguzi, na swali hili naulizwa mara nyingi: ataweza kweli?

Ataweza. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kabla ya kwenda Finland kujifunza skii. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alimsubiri akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi Olimpiki za 2002 na 2006.

Lakini ujasiri peke yake hautoshi. Mweleze mwanao haya:

Nguo. Skii ya masafa hutumia mikono na miguu pamoja, kwa hiyo mwili hutoa jasho hata kwenye baridi. Fulana ya pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza. Ndani avae sufu au kitambaa cha michezo, juu yake nguo ya joto, kisha jaketi la kuzuia upepo.

Pumzi. Hewa baridi na kavu hubana njia za hewa. Afunike mdomo na pua kwa skafu, na aanze polepole. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta.

Vidole, masikio na pua. Tafiti za jeshi la Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi zaidi ya wenzao Wazungu. Vitabu husema ngozi hugeuka nyekundu au nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo ni magumu kuonekana. Asingoje rangi: kidole kikifa ganzi, aingie ndani. Asikisugue, wala asikiweke karibu na moto. Akitie kwenye maji ya vuguvugu, kisha aonane na daktari.

Mwenzake akianza kujikwaa, kuzungumza kwa kukokota maneno, au akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, apige simu ya dharura mara moja.

Katika mashindano ya kimataifa ya skii ya masafa, baridi ikizidi nyuzi 20 chini ya sifuri mbio huahirishwa au kufutwa. Ikiwa mabingwa husimamishwa, mwanafunzi asione haya kuwaambia wenzake, "Leo siendi."