Pesa ya Maziwa Isiishie Dukani: Panda Kaliandra

Pesa ya maziwa inaingia kwa simu asubuhi, jioni ishatoka: gunia la chakula cha ng'ombe, dawa, deni la duka. Kama hayo unayajua, makala haya ni yako.

Kaliandra ni kichaka cha jamii ya mikunde, asili yake Amerika ya Kati. Huko Embu, wafugaji walianza kuijaribu pamoja na watafiti miaka ya 1990. Ilionekana kuwa kilo 3 za majani mabichi hufanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji takriban miti 500 kwa mwaka mzima. Isikutishe hiyo 500, haitaki shamba lake pekee. Inapandwa kwenye ua, kando ya matuta, hata kati ya mistari ya nepia.

Anza hivi

- Loweka mbegu kwenye maji baridi siku 2, kisha zipande kitaluni.
- Hamisha miche mvua ikianza.
- Kata mara ya kwanza baada ya miezi 9 hadi 12. Acha shina la kama mita 1, litachipuka tena.
- Mpe ng'ombe majani yakiwa mabichi, uyachanganye na nepia. Yasizidi theluthi moja ya chakula chake.

Sasa tuongee pesa

Kaliandra haikulipi mwezi huu. Kwa hivyo usichukue mkopo wa simu wa siku 30 kununua miche. Utadaiwa kabla mti haujafika kiunoni. Afadhali uweke kidogo kila ukilipwa maziwa, au chama chenu kianzishe kitalu kimoja mgawane miche.

Ukiagiza miche mbali, usitume pesa yote kabla hujaiona. Hakikisha jina linalotokea kwa simu ni la muuzaji, ndipo uweke namba ya siri. Na sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza namba hiyo.

Ng'ombe anayekula kilo 2 za chakula cha dukani kwa siku humaliza kilo 60 kwa mwezi, karibu gunia zima la kilo 70. Siku utakayoanza kukata majani, ile pesa ambayo haikwenda dukani ihamishe kwa akiba siku hiyo hiyo. Ukiiacha tu kwa simu, itapata njia nyingine ya kutoka.