Mazao yanayopumua na soko linalochelewa

Nyanya haifi inapochumwa. Seli zake huendelea kuvuta oksijeni, kuchoma sukari iliyojiwekea shambani na kutoa joto, ndiyo maana katikati ya tenga lililoshindiliwa huwa na fukuto. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kuwa hata kabichi iliyovunwa bado hufuata saa za usiku na mchana ikipewa mwanga na giza kwa zamu.

Nambilanje, wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, uhai huo ni suala la fedha.

Korosho, ufuta na mbaazi nazo ni mbegu hai, ila zikianikwa zikakauka, upumuaji wake hushuka sana. Kwa hiyo zinaweza kusubiri: mkulima hupeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unaingia ghalani, kisha unanadiwa kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, unategemea subira hiyo.

Muhogo mbichi hauna subira. Ukishang'olewa, seli zilizojeruhiwa huanza kujihami, na katika harakati hizo nyama ya muhogo hupata michirizi ya rangi ya buluu iliyoiva. Siku 2 au 3 zinatosha kumfukuza mnunuzi. Ndiyo maana wakulima wa kusini hung'oa kidogo kidogo na kuacha mingine ardhini, au humenya na kuanika makopa.

Embe na ndizi hutoa etileni, gesi inayochochea kuiva, na tunda moja lililoiva huwahimiza wenzake. Anayevundika ndizi anaifungia gesi hiyo makusudi. Chungwa ni tofauti: likichumwa halijawa tamu, halitaongeza utamu sokoni.

Kwa mazao haya yasiyosubiri, dawa ya kwanza ni ubaridi. Kwa mazao mengi, joto likipungua nyuzi 10, kasi ya kupumua hushuka mara 2 hadi 3. Mkulima anayevuna alfajiri, akaweka mzigo kivulini na kutumia kreti badala ya kiroba, amejiongezea muda wa kuuza. Vibanda vya matofali na mchanga wenye maji, vilivyobuniwa India, hupoza bila umeme, hasa kiangazi.

Ushirika wa kusini umezoea kuhifadhi mazao makavu. Sasa halmashauri na AMCOS ziwajengee wakulima wa mboga na matunda vibanda vya kupozea, karibu na mashamba.