Fahamu: Nguvu ya seli hupimwaje?

Mwaka 1983, madaktari wa California waliripoti vijana waliokakamaa ghafla kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Walikuwa wamejidunga heroini bandia yenye kemikali ya MPTP, ambayo mwilini hugeuka sumu inayoziba hatua ya kwanza ya upumuaji wa mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli.

Ili kujua kama upumuaji huo uko sawa, kinachopimwa hasa ni oksijeni. Seli hai huwekwa kwenye vishimo vya kisahani, na mashine hufuatilia kasi ya seli hizo kuivuta oksijeni. Kisha kemikali huongezwa moja baada ya nyingine. Oligomaisini huzuia utengenezaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. FCCP huzisukuma mitokondria hadi ukomo wake wa kuvuta oksijeni. Mwishoni rotenoni na antimaisini huzima upumuaji huo. Tofauti kati ya ukomo na matumizi ya kawaida ndiyo akiba, na kwangu hicho ndicho kipimo chenye maana kubwa: seli dhaifu huweza kuonekana nzima mpaka ibanwe.

Hata hivyo, seli za maabara zikishibishwa glukosi hupata nishati bila kuzitegemea sana mitokondria, na kasoro hujificha. Ndiyo maana watafiti wengi huzipa seli sukari ya galaktosi badala yake, ili zilazimike kuzitumia mitokondria.